Kurusha mafaili na ubao wa kunakili kati ya vifaa

Kurusha mafaili ni kuhamisha picha, nyaraka, nyimbo au video kutoka kifaa kimoja kwenda kingine: simu kwa simu, simu kwa kompyuta, kompyuta kwa kompyuta. Kushirikisha ubao wa kunakili ni kuwezesha maandishi yaliyonakiliwa kwenye kifaa kimoja yabandikwe kwenye kingine. Wasemaji wa Kiswahili walishajipatia kitenzi chao kwa kazi hii, na kauli ya "nirushie" husikika popote penye simu mbili na wimbo mpya. Kitenzi hicho kina usahihi wake. Kinachotumwa hupitia kwa mtu wa kati. Kinachorushwa hutoka mkono huu kikadakwa na mkono ule. Zana nyingi zinazosifiwa kwa kurusha kwa kweli hutuma, na mtumiaji hulipia safari asiyoiona.

Mafaili na ubao wa kunakili huwekwa pamoja katika programu nyingi, lakini ni mambo mawili. Faili huvuka mara moja: unalichagua, mwenzako anakubali, kazi imekwisha. Ubao wa kunakili ukishaunganishwa hubaki umeunganishwa, na kila unachonakili baada ya hapo, iwe namba ya malipo, nenosiri au ujumbe wa mtu, huweza kuvuka bila wewe kuulizwa. Kwa hiyo anayetafuta zana ya mafaili huuliza zaidi habari za njia: faili litapita wapi, kwa kasi gani, kwa gharama ya nani. Anayetafuta zana ya ubao wa kunakili huuliza habari za watu: ni nani mwingine anayeweza kuusoma.

Historia

Amri za kukata, kunakili na kubandika zilibuniwa katikati ya miaka ya 1970 na Larry Tesler na Tim Mott walipokuwa wakitengeneza programu ya uandishi iitwayo Gypsy, katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Kompyuta za Apple, Lisa ya 1983 na Macintosh ya 1984, ndizo zilizozieneza. Ubao wa kunakili ulikaa ndani ya mashine moja kwa miongo kadhaa. Apple ilianza kuuvusha kati ya simu na kompyuta zake mwaka 2016, na Microsoft ikaongeza huduma ya namna hiyo kwenye Windows 10 mwishoni mwa 2018.

Upande wa mafaili, teknolojia iliyowafikia watu wa kawaida ni Bluetooth. Kazi yake ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Uswidi, na toleo la kwanza likatoka 1999. Ilipoingia kwenye simu za vitufe, wimbo wa megabaiti 4 ulivuka kwa dakika moja hivi, bila vocha wala waya. Nyimbo zilifika hadi vijijini kwa njia hiyo, na wenye nyimbo hawakupata senti. Hilo nalo ni sehemu ya historia hii.

Simu janja zilipokuja na kamera nzuri, mafaili yalinenepa na Bluetooth ikabaki na mwendo wake. Hapo ndipo programu za Xender na SHAREit zilipopata wateja: simu moja hutengeneza mtandao wa Wi-Fi, nyingine huingia, na faili huvuka kwa kasi kubwa bila kugusa bando. Wazo lilikuwa zuri, ila utekelezaji haukuwa salama siku zote. Januari 2016 kampuni ya usalama ya Core Security ilionyesha kwamba SHAREit ya Windows, wakati huo ikiwa chini ya Lenovo, ilifungua mtandao wa kupokelea mafaili kwa nenosiri lilelile kwa watu wote, yaani 12345678, na kwamba mafaili yalisafiri wazi bila kusimbwa. Lenovo ilitoa toleo lililorekebishwa. Juni 2020 serikali ya India ilipiga marufuku programu 59 zenye asili ya China, SHAREit na Xender zikiwemo. Uamuzi huo ulitoka wiki chache baada ya mapigano ya mpakani kati ya nchi hizo mbili, kwa hiyo marufuku peke yake si ushahidi wa wizi wa taarifa. Nenosiri la 12345678 ni ushahidi wa kutosha wa jambo jingine: programu inaweza kupendwa na mamilioni huku mlango wake ukiwa wazi.

Njia ambayo faili hupita

Chukua video ya harusi yenye megabaiti 700. Mpiga picha ameketi na ndugu wa bwana harusi, meza moja katikati yao. Wakiituma kama ilivyo kwa WhatsApp, simu ya kwanza hupandisha megabaiti 700 hadi kwenye seva za kampuni, na ya pili huzishusha tena. Gigabaiti 1.4 za bando zimeteketea ili kitu kivuke meza. Video ikitumwa kama video ya kawaida hupunguzwa ukubwa na ubora. Ili ifike kama ilivyo sharti itumwe kama hati, ambayo tangu 2022 inaruhusiwa kufikia gigabaiti 2. Wakitumia Bluetooth hawatapoteza bando, lakini kwa kasi halisi ya megabiti 2 hivi kwa sekunde watakaa hapo zaidi ya dakika 40. Wakitumia Wi-Fi ya moja kwa moja, hata kwa mwendo wa wastani wa megabaiti 20 kwa sekunde, kazi inaisha kabla chai haijapoa.

Watu wengi hawakuwahi kuambiwa kwamba Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Wi-Fi ni barabara kati ya vifaa. Intaneti ni mahali ambapo barabara hiyo wakati mwingine inaelekea. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kuzima data, ukawasha hotspoti, na kompyuta itakayoingia kwenye hotspoti hiyo itaongea na simu vizuri bila kula hata kilobaiti moja ya bando. Kuzima data hapo ni kwa lazima. Ukiiacha imewashwa, kompyuta ya Windows hujiona imepata intaneti na huenda ikaanza kushusha masasisho yake kimyakimya, na bando la wiki likaisha mchana mmoja.

Wi-Fi ya hoteli, chuo au mkahawa ina kikwazo cha aina yake. Wasimamizi wengi huiweka ili vifaa vya wateja visionane, na hiyo ni hatua nzuri ya usalama. Matokeo yake, programu ya kurusha hutafuta kifaa cha pili bila kukiona, na mtumiaji huilaumu programu bure. Dawa ni hotspoti ya simu yako mwenyewe.

Flashi na waya bado vina kazi yake, hasa pale ambapo faili ni kubwa mno au kompyuta haina Wi-Fi. Flashi nyingi huuzwa zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi gigabaiti 4 hata kama flashi yenyewe ina nafasi ya gigabaiti 64. Ukiona kompyuta inakataa filamu moja huku nafasi ipo tele, sababu mara nyingi ni hiyo, na kuipanga flashi upya kwa exFAT kunatatua. Kupanga upya hufuta kila kilichomo, basi hamisha vilivyomo kwanza. Na flashi iliyozunguka kompyuta tano za ofisi tofauti isichomekwe kwenye ya sita bila kukaguliwa virusi.

Zana za mafaili

AirDrop ya Apple ilianza kwenye kompyuta mwaka 2011 na kwenye iPhone mwaka 2013. Hutumia Bluetooth kutafuta jirani, kisha Wi-Fi ya moja kwa moja kupitisha faili. Google ilileta yake, Nearby Share, mwaka 2020, na mwaka 2024 ikaiunganisha na ya Samsung chini ya jina la Quick Share, ambayo pia ina toleo la Windows. Novemba 2025 Google ilitangaza kwamba Quick Share inaweza kurushiana na AirDrop, ikianzia na simu za Pixel 10. Mwenye vifaa vya kampuni moja hana haja ya kutafuta mbali: iliyokuja na simu yake inatosha. Azingatie tu mpangilio wa nani anaweza kumwona. "Kila mtu" ni mpangilio wa dakika chache za kupokea kitu, kisha urudishwe kwa watu unaowajua au kwa vifaa vyako tu. Wala AirDrop isidhaniwe kuwa ya siri kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, waliieleza Apple mwaka 2019 kwamba namba ya simu na barua pepe ya mtumiaji vinaweza kufichuliwa kupitia mfumo huo, na Januari 2024 mamlaka za mji wa Beijing zilitangaza kwamba wataalamu wao wameweza kuwatambua watu waliorusha vitu kwa AirDrop.

Hali ya nyumba na ofisi zetu nyingi ni ya mchanganyiko: simu ya Android ya baba, iPhone ya dada, kompyuta ya Windows ya kazini, na pengine kompyuta mpakato ya zamani iliyowekewa Linux. Kwa mchanganyiko huo LocalSend inastahili kutajwa kwanza. Ni programu huria, ya bure, haina matangazo, haitaki akaunti, na ipo kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Inatumia mtandao wa ndani tu na husimba kinachopita.

Matumizi yake yanaonekana hivi. Simu imewasha hotspoti, data imezimwa, kompyuta imeingia. Programu inafunguliwa pande zote mbili. Kila kifaa hupewa jina la kubuni, sifa pamoja na tunda au mboga, mtu akajikuta anaitwa Chungwa Zuri. Ni vyema kulibadilisha mapema, maana kwenye ofisi yenye watu wanane hakuna ajuaye chungwa ni la nani. Kwenye simu unagusa sehemu ya kutuma, unachagua picha 60, na jina la kompyuta linatokea chini. Ukiligusa, kompyuta inauliza: kubali au kataa. Jina likigoma kutokea, usifute programu. Sababu ya kawaida ni kwamba Windows huuchukulia kila mtandao mgeni kuwa wa hadharani na ukuta wake wa moto huzuia. Badili mtandao huo uwe wa faragha kwenye mipangilio, au ruhusu LocalSend ipite. Lango lake la mtandao (port) ni 53317.

PairDrop hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Ilitokana na Snapdrop, ambayo baadaye ilichukuliwa na kampuni ya LimeWire. Vifaa viwili vilivyo kwenye mtandao mmoja vikifungua tovuti yake huonana, na faili hupita moja kwa moja kati yao inapowezekana. Intaneti kidogo inahitajika ili vikutane. Ni zana ya dharura, kwenye kompyuta ambayo huna ruhusa ya kusakinisha chochote.

Syncthing, iliyoanzishwa na Jakob Borg mwaka 2013, ni ya aina nyingine: huweka folda mbili zifanane siku zote. Kila kifaa kina kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu, na pande zote mbili sharti zikubaliane kabla ya lolote kupita. Mwandishi wa tasnifu anayehama kati ya kompyuta ya nyumbani na ya chuoni ataipenda. Lakini aelewe kwamba kufanana si kuhifadhi. Sura ikifutwa kwa bahati mbaya huku, inafutwa na kule, isipokuwa amewasha utunzaji wa matoleo ya zamani. Kwa Android, wasanidi wake waliacha kutoa programu rasmi mwishoni mwa 2024. Waliobaki hutumia toleo linaloendelezwa na wengine.

Ubao wa kunakili

Ubao wa kunakili una historia mbaya ya kuchunguliwa. Machi 2020 watafiti Talal Haj Bakry na Tommy Mysk walichapisha orodha ya programu mashuhuri za iPhone, TikTok ikiwemo, zilizokuwa zikisoma ubao wa kunakili kila zinapofunguliwa. Baadaye mwaka huohuo iOS 14 ikaanza kumwonyesha mtumiaji tangazo kila programu inaposoma alichonakili kwingine. Android 10, ya mwaka 2019, ilikwisha kuzuia programu zilizo nyuma ya pazia zisisome ubao huo kabisa, na Android 12 ikaongeza tangazo.

Kizuizi hicho ndicho kinachowasumbua wanaotaka ubao wa simu uende wenyewe kwenye kompyuta. Mfano bora ni KDE Connect, programu huria iliyoanzishwa na Albert Vaca mwaka 2013. Simu na kompyuta huoanishwa mara moja kwa kukubaliana pande zote, na mawasiliano husimbwa. Ukinakili sentensi kwenye kompyuta, unaibandika kwenye simu papo hapo. Kutoka simu kwenda kompyuta, Android haikubali lifanyike lenyewe: unavuta chini eneo la arifa, unagusa kitufe cha kutuma ubao wa kunakili, ndipo maandishi yanavuka. Wengi hulalamikia mguso huo mmoja. Kwa maoni ya mwandishi, ni mguso wa thamani, kwa sababu ndio unaotenganisha ulichotaka kivuke na nenosiri la benki ulilonakili dakika moja iliyopita. KDE Connect hurusha pia mafaili na huonyesha arifa za simu kwenye kompyuta, kwa hiyo mwenye Android pamoja na Linux au Windows anaweza kuimaliza kazi yote kwa zana moja.

Watumiaji wa Apple wanao ubao wa pamoja uliojengwa ndani, mradi vifaa vimeingia kwenye akaunti moja na viko karibu. Windows ina historia ya ubao wa kunakili, inayofunguliwa kwa kitufe cha Windows pamoja na V, ambayo hukumbuka vitu 25. Historia hiyo ni msaada mkubwa kwa mhariri au karani. Kuna swichi ya pili, ya kuuvusha ubao huo kwenye vifaa vingine kupitia akaunti ya Microsoft. Swichi hiyo inapowashwa, maandishi hupitia kwenye seva za kampuni. Anayeshika taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wateja aiache imezimwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinambana anayeshika taarifa za watu, zikiwemo taarifa zinazovushwa mpaka.

Manenosiri yana utaratibu wake. Programu nzuri ya kuyatunza hufuta ubao wa kunakili sekunde chache baada ya kunakili. Ubao uliounganishwa na vifaa vingine unaweza kuharibu ulinzi huo, kwa kuwa nakala imeshafika kwingine kabla ya kufutwa. Weka programu ya manenosiri kwenye kila kifaa chako, na nenosiri halitakuwa na haja ya kusafiri.

Kompyuta isiyo yako

Maelezo yote yaliyotangulia yanachukulia kwamba vifaa ni vya mtu mmoja au vya watu wanaoaminiana. Kwa wananchi wengi urushaji wa kila siku hufanyika kwingine: kwenye steshenari za Tanzania na saiba za Kenya, mtu anapotaka kuchapisha wasifu wake wa kazi au kutoa kopi ya cheti. Mhudumu husema, "nitumie kwenye WhatsApp," na namba imebandikwa ukutani. Faili linaingia kwenye folda ya vipakuliwa ya kompyuta ya duka, linachapwa, na linabaki. Fungua folda hiyo jioni utakuta vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya nyumba na barua za maombi ya kazi za watu wa mtaa mzima, kila kimoja na jina la mwenyewe. Mhudumu si mwizi. Ana foleni, na kufuta hakumo katika kazi aliyoajiriwa.

Kwa hali hii hakuna programu itakayomwokoa mteja, ila kuna mpangilio unaopunguza hatari. Flashi yenye faili moja tu, lile la kuchapwa, ni bora kuliko namba ya ukutani, kwa sababu faili linaweza kuchapwa likiwa ndani ya flashi bila kunakiliwa. Ikibidi kutumia mtandao, usiingie kwenye barua pepe yako kwenye kompyuta ya duka. Na kama umefungua WhatsApp yako pale kwa kuskani msimbo, kufunga dirisha hakutoshi: mazungumzo yako yote yatabaki yakisomeka kwenye mashine ile.

Kabla hujaondoka, mwombe mhudumu alifute faili lako mbele yako, na kwenye pipa la taka pia. Kisha fungua WhatsApp kwenye simu yako, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, na uondoe kila kimoja usichokitambua.